BEI YA KARAFUU HAISHUKI NA MVUA



Liko neno moja ambalo kila baada ya uchaguzi hupitishwa mitaani kama sahani ya halua. Husemwa redioni, hurudiwa katika hafla za wakubwa, na mwishowe watu wetu wenyewe huliokota na kulitia midomoni mwao bila ya kutazama lina nini ndani. Neno lenyewe ni hili: siasa zimekwisha, sasa tuache maneno tujenge uchumi. Nimelisikia mara nyingi mno, na kila nilisikiapo huona kwamba tulichotiwa mkononi ni kufuli, na ufunguo wake wamebaki nao wao. Kwani maana yake ni kuwa mambo ya chakula cha mtu na mambo ya kura yake hayajuani. Na kwamba mwananchi amewekewa siku moja ya kusema katika miaka mitano, kisha arudi shambani anyamaze, na bei ataambiwa.

Mimi ni mtu wa duka. Umri wangu ni miaka 46, elimu yangu ni ya chuoni na madarasa machache ya skuli, na uchumi sikuusoma popote ila nyuma ya meza ya duka nililorithi kwa marehemu baba yangu, katika kijiji cha kaskazini ya Pemba. Chini ya meza hiyo pana daftari la madeni. Atakaye kujua siasa za visiwa hivi zimekwenda vipi, asijisumbue kutafuta vitabu vikubwa. Naje alifunue daftari hilo. Humo ataona mwaka ambao kurasa zilifutwa zote kwa msimu mmoja, na ataona mwaka ambao mtu mzima mwenye mikarafuu yake mia alikopa kibiriti. Nami nawahakikishieni kuwa baina ya mwaka ule na huu mvua haikubadilika sana. Kilichobadilika ni watu waliokaa katika chumba kilichofungwa mlango wakaandika tarakimu.

Nasema basi, na atakaye kunijibu anijibu: bei ya karafuu katika nchi hii ni amri ya serikali, na imekuwa hivyo tangu asili; na kila aliyeitoa amri hiyo, amri yenyewe ilimgeukia ikambadilisha. Siasa huzaa bei, na bei nayo huzaa siasa nyingine, wala haijapita siku moja ambayo mojawapo ya hizo mbili ilipumzika kumngoja mwenzake.

Mkarafuu si mti wa kwetu. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyolimwa na Wafaransa, na kilichoutapakaza hakikuwa mapenzi ya wakulima bali ni amri ya Seyyid Said bin Sultan, aliyewataka wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kwa amri hiyo visiwa viwili vidogo vikawa soko la dunia. Na kwa amri hiyo hiyo mashamba yakataka mikono, na mikono ikaletwa kwa minyororo kutoka bara. Jambo hili halifai kufunikwa na mtu yeyote, awe wa kwetu au wa kwao. Kisha kikaja kimbunga cha mwaka 1872, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Mwaka uliofuata Seyyid Barghash akashurutishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa, na 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria. Tangu kimbunga kile shamba likawa kisiwa kimoja na hazina kisiwa kingine. Upepo ndio ulioanza mgawanyo huo, lakini walioubakisha mpaka zama za wajukuu na vitukuu si upepo.

Mwingereza alipoikamata nchi 1890 hakuwa na haja ya kuhangaika kutafuta kodi vijijini. Karafuu yote ilipita forodhani, na kwa miaka mingi robo yake ilibaki huko huko kuwa ni ushuru. Serikali iliyokaa mlangoni hivyo haina haja ya kuwajua wenye nyumba. Kwa hivyo haikuwajua. Wenye mashamba wakaishi kwa rehani, wakizama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi, wakiuza mavuno yakingali mtini. (Nami kwa kuwa nimekopesha na nimekopa, siko tayari kumlaani mkopeshaji peke yake wala mkopaji peke yake, deni ni kamba ya watu wawili.) Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, 1934 zikapitishwa sheria za kukipa nguvu na za kuzuia ardhi isihamie kwa wadai, na 1937 chama hicho kikafanywa kuwa mnunuzi pekee. Sababu iliyotangazwa ilikuwa tamu: kumlinda mkulima.

Hapa natakeni tusimame kidogo, kwani mwaka huo wa 1937 una mafunzo ambayo wakubwa wetu hawapendi yasomwe. Wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa walikataa kuishika karafuu. Huko India, ambayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa kabisa, chama cha Congress kikawaunga mkono na kuwataka watu wao waisusie karafuu ya Zanzibar. Magunia yakajaa maghalani. Serikali iliyokuwa na askari, mahakama na manowari ikajikuta haina la kuwafanya watu waliokaa Bombay wakatia pilau yao bila ya karafuu. Mwaka 1938 ikalazimika kuketi na wafanyabiashara na kupatana nao. Yaani siasa za watu wanaogombea uhuru katika nchi nyingine zilivuka bahari zikaamua mkulima wa Pemba atalipwa nini. Ni nani basi awezaye kutuambia leo kuwa siasa na biashara ni nyumba mbili?

Lakini jambo la pili ni kubwa zaidi. Ulipopatikana ule mwafaka, chombo chenyewe hakikuvunjwa. Kililegezwa, kikawekwa pembeni, kikingojea mkono mwingine.

Sitorefusha habari za miaka iliyofuata, kwa sababu wazee wetu wamezieleza na kila mmoja wetu ana yake aliyoisikia. Itoshe kukumbusha kuwa siasa za vyama ambazo watu hudhani zilianza kwa bendera na hotuba, zilianza kwa mgomo wa wachukuzi wa bandarini mwaka 1948, na kwa ng'ombe wa Kiembe Samaki mwaka 1951, pale wakulima waliokwisha kuchukizwa na habari ya ardhi yao walipokataa mifugo yao isishikwe kwa nguvu, watu wakakamatwa, risasi zikalia. Wakulima hao hao ndio walioanzisha chama ambacho baadaye kilikuja kuwa Hizbu. Hawakuwa na ilani wala kitabu. Walikuwa na ng'ombe, na vipande vya ardhi wanavyovilima. Kisha ukaja uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, na mara baada yake ikaonekana sura mbaya ya jambo hili ninalolieleza, ambayo nitairudia mbele, maana inatuhusu sisi.

Yakatokea Mapinduzi ya Januari 1964. Mashamba makubwa yakachukuliwa, na kuanzia 1965 wananchi wakapewa eka tatu tatu. Simo katika wale wanaosema kuwa hapakuwa na jambo la haki katika kumpa ardhi asiyekuwa nayo. Ninalosema ni kwamba aliyepewa eka tatu hakupewa bei. Eka ilikuwa ya kutumia, nayo serikali iliweza kuitwaa tena; na zao la juu yake halikuwa na mnunuzi ila mmoja. Ule ufunguo aliouchonga Mkoloni 1937 kwa jina la mkulima, serikali mpya iliukuta umetundikwa ukutani, ikautia mfukoni kwa jina la mnyonge, na 1968 likawekwa Shirika la Biashara la Taifa kuwa ndilo lenye kununua na kusafirisha.

Tazameni matokeo yake. Wakati ule Indonesia ilikuwa ikivuta sigara zake za kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu, na karafuu yake yenyewe haikuwa ikitosha. Ikanunua kwetu kwa wingi, na bei ya dunia ikapanda. Fedha za kigeni zikajaa katika hazina ya Zanzibar. Na katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya utawala wa Mzee Karume, kabla ya kuuawa kwake Aprili 1972, mchele ulikuwa kwa kadi na foleni, na wazee wa Pemba mpaka leo huuita wakati huo siku za njaa. Baba yangu alikuwa kijana. Alinihadithia kuwa alichuma karafuu mchana, usiku akala mihogo isiyo na chumvi. Hazina imeshiba na mwenye zao ana njaa: linawezekanaje jambo hilo? Linawezekana kwa sababu tangu 1964 mpaka 1980 Wazanzibari hawakupigishwa kura ya kumchagua kiongozi wao wa Zanzibar. Serikali iliyopata riziki yake kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo haikuihitaji kodi ya mwananchi, na isiyehitaji kodi yako haina haja ya rai yako. Lau fedha zile zingelazimika kutoka mifukoni mwetu, wangalitubembeleza. Zilitoka mizanini, kabla hazijafika mifukoni.

Na mkulima akafanya nini? Akafanya siasa asiyoijua jina. Akatia magunia katika ngarawa na mashua usiku, akaelekea Vanga, Shimoni na Mombasa. Wakaiita magendo, wakaweka adhabu nzito, wakaweka askari katika fukwe. Mimi siyatetei magendo, maana watu wamezama na wengine wamefungwa. Lakini nauliza: mtu anayeikimbia bei ya serikali yake usiku kwa kuhatarisha roho, huyo amepiga kura au hakupiga?

Bei nayo ikafanya kazi yake. Indonesia ilikuwa imekwisha kupanda mikarafuu yake mingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza. Soko letu likaanguka, na hazina ikaonekana chini. Hapo ndipo penye lile ambalo vitabu vya skuli hulipita haraka. Januari 1984 Rais Aboud Jumbe akajiuzulu. Akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Waziri Kiongozi. Mwaka huo huo milango ya biashara ikafunguliwa, na mwaka huo huo Zanzibar ikapata katiba mpya yenye kutaja haki za binadamu. Wako watakaosema kuwa ni bahati tu mambo mawili hayo kukutana. Si bahati. Zilikuwapo sababu nyingine, na za Muungano zikiwamo, hilo nalikubali. Lakini serikali iliyoishiwa na karafuu ilikuwa lazima imwendee mwananchi, na humwendei mtu mikono mitupu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa chuoni. Ninachokikumbuka ni siku rafu za duka la baba, ambazo nilizizoea zikiwa na vumbi na makopo mawili matatu, zilipoingia vitambaa, sabuni na maziwa ya unga. Na nakumbuka kuwa ni siku hizo hizo ambapo watu wazima barazani walianza kuzungumza bila ya kugeuka nyuma kwanza.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya dhiki. Bei ilishuka hata mavuno mengine yakaachwa mtini, kwani ujira wa mchumaji na wa kuchambua makonyo ulikaribia kuwa zaidi ya malipo. Vijana wakenda Mombasa, Tanga na Maskati. Katika dhiki hiyo vyama vingi vikarudishwa 1992, na uchaguzi wa 1995 ulipofika, majimbo yote ya Pemba yakaenda upinzani. Wakubwa wakasema ni ukabila, ni Uhizbu, ni Upemba. Wangaliuliza kwanza kilo moja ya karafuu ilikuwa kiasi gani.

Sasa nafika pale ambapo wengi wenu mnapakumbuka. Novemba 2009 viongozi wawili waliokuwa hawapeani mikono walikutana. 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakasema ndio. Na baada ya uchaguzi wa mwaka huo ikaundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Msimu wa 2011 mkulima akaambiwa atalipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kilo ikafika Sh 15,000. Daftari langu mwaka huo lilifutwa madeni ya miaka mitatu kwa muda wa miezi minne. Mzee mmoja, ambaye jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza tangu enzi za baba, alikuja na fedha zimefungwa katika shuka, akahesabu, akaomba aoneshwe kalamu ikipita juu ya jina lake. Magendo nayo yalipungua, kwani nani atavuka bahari usiku kwenda kutafuta alichonacho nyumbani?

Haki isemwe: mwaka ule mavuno ya Indonesia yalikuwa mabaya, na bei ya dunia ilipanda kwa wote. Lakini bei ya dunia ilipanda pia katika miaka ya 1970, na mkulima hakuiona. Tofauti ya mara ile na mara hii haikuwa Indonesia. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeketi mezani, na kwamba aliyeketi alijua kuwa atarudi vijijini kuomba kura.

Na kwa kuwa hii ni karatasi yetu wenyewe, wacha niseme na lile la kututia uchungu. Tulipokuwa ndani ya serikali ile, tulipandisha bei, lakini hatukugusa chombo. Mwaka 2014 ikapitishwa Sheria ya Maendeleo ya Karafuu, na mnunuzi akabaki yule yule mmoja, na adhabu za anayeuza pengine zikabaki. Tuliridhika kwa kuwa mkono ulioshika mizani ulikuwa mwema kwetu msimu ule. Hatukuuliza: je, mkono huo ukibadilika? Ukabadilika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, Machi 2016 ukarudiwa bila ya sisi, na zile asilimia 80 zikabakia ni ahadi ya mwenye nguvu, ambayo huitimiza apendapo.

Nitakupeni mfano wa mizani yenyewe. Duka langu lina mizani ndogo ya kupimia unga na sukari. Kila mwaka huja mkaguzi, huipima kwa vyuma vyake, huigonga muhuri na hunitoza ada. Na ningepatikana nimempunja mtu robo, ningelipa faini, na ni haki. Msimu mmoja nilipeleka gunia la karafuu za mama yangu katika kituo ambacho sikitaji. Nilikuwa nimelipima dukani kabla ya kutoka. Kituoni likapungua kilo mbili. Nikauliza kwa adabu, nikajibiwa kuwa karafuu zina unyevu. Nikasema, bwana, unyevu huongeza uzito, haupunguzi. Watu wa nyuma yangu wakacheka, na yule bwana hakucheka. Akaniambia kama sikutaka nilichukue gunia langu nikauze kwingine. Kwingine! Sheria imesema hakuna kwingine. Nilipokea fedha nikaondoka. Tokea siku hiyo huwa najiuliza: mizani yangu mimi hukaguliwa na serikali; mizani ya serikali hukaguliwa na nani? Sisi tuliopita vyuoni tumeisoma Sura ya Al-Mutaffifin tungali watoto, na tunajua inawazungumza watu gani.

Tena tulisoma kuwa watu wa Madina bei zilipowapandia walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, naye akakataa, akichelea asije akakutana na Mola wake hali ya kuwa mtu anamdai dhulma ya mali. Wanazuoni walikuja wakalijadili hilo kwa marefu. Ibn Taymiyya na wengine waliona mtawala anaruhusiwa kupanga bei pale wafanyabiashara wanapohodhi bidhaa na kuwadhuru watu. Maneno mazuri. Lakini wote hao walimfikiria mtawala anayeingia sokoni kumzuia mwenye kuhodhi. Hapana hata mmoja aliyefikiria soko ambalo mtawala mwenyewe ndiye mnunuzi pekee, ndiye mpangaji bei, na ndiye hakimu wa anayekataa.

Wala msidhani kuwa ugonjwa huu ni wa kwetu peke yetu. Indonesia, hao hao walioshusha bei yetu, waliwahi kupewa dawa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba wa kununua karafuu ya nchi nzima ulikabidhiwa kampuni ya Tommy, mtoto wa Rais Suharto, na huko nako ilisemwa ni kumlinda mkulima. Wakulima wakafikia kuing'oa mikarafuu yao. Ilipokuja tufani ya fedha ya 1997 na 1998, na serikali ikapiga magoti kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, miongoni mwa masharti ya mwanzo ilikuwa ni kuuvunja ukiritimba huo. Na Mei 1998 Suharto mwenyewe akaondoka. Bei ilitoka katika familia ya mtawala, na ilipoanguka iliondoka na mtawala.

Nimeahidi kurudi katika sura mbaya inayotuhusu. Baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba wa upande mmoja waliwafukuza wakulima waliokaa katika mashamba yao kwa sababu ya chama, na watu wa upande wa pili wakasusia maduka kwa sababu ya chama. Mpaka ikabidi PAFMECA, iliyoundwa Mwanza Septemba 1958, iingilie kutupatanisha. Wazee huziita siku hizo zama za siasa, na huzitaja kwa sauti ya chini. Basi mwaka 2016 sisi tukazirudia. Pemba hii watu waliacha kuuziana, waliacha kuzikana. Nami nilikuwa mmoja wao. Alikuja dukani mama mmoja, jirani yetu, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa wa chama kile, akataka sukari kilo moja. Nikamwambia imekwisha. Gunia lilikuwa wazi nyuma yangu, na alikuwa analiona. Hakusema kitu, akaenda kwa miguu mpaka kijiji cha pili.

Nilijiona shujaa kwa muda wa siku mbili. Kisha msimu ukafika, na mikarafuu yake michache na mikarafuu ya mama yangu ikapimwa katika mizani moja, kwa bei moja, na bwana yule yule. Hakuulizwa chama. Ikanidhihirikia kuwa nilimnyima sukari mtu ambaye tunapunjwa pamoja, na aliyetupunja hakupungukiwa na chochote katika ugomvi wetu, bali alistarehe. Ndugu zangu ambao bado mnawaambia vijana wasinunue kwa fulani na fulani, nawaombeni mfikiri ni nani anayekula faida ya duka lile linalosusiwa. Nilikwenda kwa mama yule baadaye nikamtaka radhi. Alinipa, na akanunua sukari, na akalipa taslimu.

Siku hizi wimbo umekuwa ni uchumi wa buluu, mahoteli na wageni, na wapo wanaosema karafuu imepitwa na wakati, tusiumize vichwa. Wageni wanaleta fedha, sikatai. Lakini pwani inayokodishwa bila ya wanakijiji kujua mkataba una nini ni karafuu nyingine iliyovaa nguo nyingine: mlango mmoja, ufunguo mmoja, na mwenye nyumba yuko nje. Tusipojifunza kwa zao tulilokaa nalo karne mbili, hatutojifunza kwa lile lililokuja jana.

Kwa hivyo, yeyote atakayekuja matawini kwetu kutaka kugombea, awe mkubwa wa chama au mdogo, asiulizwe tu kama ataipandisha bei. Aulizwe kama atakubali hesabu ya zile asilimia 80 iandikwe ndani ya sheria na itangazwe kabla ya msimu, bei ya dunia upande huu na ya mkulima upande huu, ili kila ajuaye kutoa na kugawanya aifanye mwenyewe. Aulizwe ni nani atakayeikagua mizani ya kituo. Na aulizwe kama yuko tayari mkulima apate mnunuzi wa pili, hata siku ambayo mnunuzi wa kwanza atakuwa ni serikali yetu sisi wenyewe. Hapo penye swali la tatu mtazame uso wake, msiyasikilize maneno yake.

Msimu ujao kila mwenye stakabadhi ya kituo aihifadhi, ailete tawini inakiliwe, tarehe na uzito. Nami mizani yangu nitaitoa barazani, ile yenye muhuri wa mwaka huu, na ndoo na kamba kwa ajili ya magunia makubwa yatakayohitaji kupimwa kwa mafungu. Atakaye kujua gunia lake lina kilo ngapi kabla hajalipeleka, naje baada ya sala ya alasiri, wa chama chochote, hatotozwa kitu.

Mwenye Duka,
Pemba